Je, Wajua? Joto la Kombi Linatoka Wapi

Je, wajua kwamba hita ya Kombi ya zamani haina moto wake wala maji yake? Volkswagen Type 2, ndiyo Kombi yenyewe, ilianza kuundwa Wolfsburg, Ujerumani, mwezi Machi 1950, na baadaye ikawa gari la kawaida barabarani Kenya na Tanzania, ikibeba abiria na watalii. Injini yake hupozwa kwa upepo tu. Haina rejeta, kwa hiyo hakuna maji ya moto ya kuzungushwa mbele. Joto lote linaloingia ndani huchukuliwa kwenye mabomba ya ekzosi. Ukishalielewa hilo moja, nusu ya maswali kuhusu hita hii hujijibu yenyewe, na utaona pia kwa nini si kitu cha kuchokonolewa ovyo. Anayeigusa hita ya Kombi anagusa upoaji wa injini na hewa wanayovuta waliomo ndani, vyote kwa mkono mmoja.

Je, wajua njia ya joto hilo? Nyuma ya Kombi nyingi za zamani kuna feni kubwa iliyofungwa kwenye mhimili mmoja na jenereta, nayo huzungushwa na mkanda wa injini. Sehemu kubwa ya upepo wake hushuka kwenye silinda kuzipoza. Sehemu ndogo hupita kwenye mipira miwili minene hadi kwenye masanduku mawili ya bati, moja kila upande wa injini, yaliyoyafunika mabomba ya ekzosi. Ndani ya sanduku, bomba limevikwa mapezi ya alumini, na upepo ukipita kati ya mapezi hayo hubeba joto. Kisha hukutana na kilango cha bati kinachovutwa kwa kebo kutoka kwa dereva. Kikifunguka, upepo huingia kwenye bomba refu linalopita tumboni mwa gari mpaka mbele, na huko hugawanyika: mwingine miguuni, mwingine kwenye kioo.

Hiyo ndiyo hita yote. Hapo hapana swichi wala waya wa umeme.

Je, wajua kwamba Kombi zilizoundwa kabla ya mwaka 1963 hivi zilikuwa na mpango mwingine? Upepo uliotumika kupasha joto ndani ulikuwa ule ule uliokwisha kupita kwenye silinda. Injini ikivuja oili kidogo, abiria wote walivuta harufu ya oili iliyoungua. Ndipo Volkswagen ikatenganisha njia mbili, ili upepo wa hita utoke moja kwa moja kwenye feni bila kugusa silinda. Yalikuwa mabadiliko makubwa kwa afya ya watu kuliko rangi na nikeli zote zilizosifiwa kwenye matangazo ya gari hilo.

Lakini hata mpango huo mpya una sharti. Feni hunyonya hewa kutoka kwenye chumba cha injini chenyewe. Ikiwa mpira wa petroli unatoa mvuke, harufu hiyo itafika mbele. Ikiwa gasketi ya ekzosi imeungua na moshi unapanda, nao utafika. Ndiyo maana kuna utepe wa mpira unaozunguka injini na kuziba nafasi kati yake na bodi. Wengi huuona kama pambo, na ukichakaa hawaurudishi. Kazi yake ni kuzuia hewa ya moto na moshi wa chini visipande juu kwenye chumba ambamo feni inavuta pumzi. Ningeulizwa kitu cha kwanza cha kubadilisha kwenye Kombi kuukuu yenye hita, ningetaja utepe huo kabla ya kitu kingine chochote cha bei.

Je, wajua kwamba kaboni monoksaidi hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni? Haina rangi wala harufu. Damu iliyojaa gesi hii haina nafasi ya kubeba oksijeni, hata kama mapafu yanafanya kazi vizuri. Mtu huanza kuumwa kichwa, kisha kichefuchefu, kizunguzungu na usingizi. Dalili hizo watu wa kwetu huzichukulia kuwa malaria au uchovu wa safari. Tofauti moja ya kuangalia ni hii: ikiwa kila aliyemo garini anaumwa kichwa kwa wakati mmoja, na nafuu huja wakishuka kupunga hewa, usitafute mbu. Zima injini, fungua milango, na yeyote aliyelegea au kuchanganyikiwa apelekwe hospitali.

Njia ya gesi hiyo kuingia kwenye Kombi ni kutu. Sanduku la joto lina bomba la ekzosi katikati na upepo wa abiria pembeni, na kinachovitenganisha ni unene wa chuma cha bomba peke yake. Tundu dogo likitokea ndani, huwezi kuliona kwa nje. Ndiyo sababu kuchomelea sanduku lililooza hakusaidii sana: fundi anaziba kutu anayoiona, na ile inayoua iko ndani. Sanduku la namna hiyo hubadilishwa zima. Kabla ya kununua Kombi, shuka chini na tochi, gonga masanduku kwa bisibisi, sikiliza kama yanalia kwa uimara au yanatoa sauti ya bati bovu, na uangalie maungio kama yana masizi meusi. Masizi yanaonyesha moshi unapotokea.

Je, wajua kwamba masanduku mapya si lazima yawe bora kuliko ya zamani? Yapo ya kuiga ya bei rahisi ambayo kwa nje yanafanana na ya kiwandani, lakini ndani mapezi ni machache au hayapo kabisa. Bomba tupu haliupi upepo joto la kutosha. Mwenye gari hulipa, hufunga, kisha hulalamika kwamba hita ya Kombi ni dhaifu kwa asili yake. Si kweli. Ikiwa nzima, yenye mipira yote na vilango vinavyofungua hadi mwisho, hupasha joto vizuri ikiwa gari linakwenda. Sifa yake mbaya imetokana zaidi na magari yaliyopoteza vipande vyake kimoja kimoja kwa miaka 40 au 50.

Ikiwa gari linakwenda, nimesema. Kwa kuwa feni inafuata mzunguko wa injini, hita hupuliza sana kwenye barabara kuu na hukaribia kunyamaza kwenye foleni. Na mkanda wa feni ukikatika, umeme wa jenereta, upoaji wa injini na joto la ndani hupotea kwa dakika ile ile. Simama mara moja. Injini ya upepo isiyo na feni haivumilii hata mwendo wa kufika gereji ya karibu.

Je, wajua kwamba injini za ukoo huu zilijulikana Afrika Mashariki kwa ushindi kabla ya kujulikana kwa nauli? Volkswagen Beetle, yenye injini ya upepo iliyokaa nyuma, ilishinda mashindano ya magari ya Safari mwaka 1953, 1954, 1957 na 1962. Injini isiyo na rejeta haina maji ya kuchemka wala bomba la maji la kupasuka kwenye mawe. Faida hiyo hiyo ndiyo gharama ya anayesikia baridi, kwa sababu maji ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kubeba joto kutoka nyuma kwenda mbele.

Je, wajua kwamba karibu theluthi mbili ya nguvu iliyomo kwenye petroli hupotea kama joto katika injini ya zamani? Kwa makadirio ya kawaida, theluthi moja huenda na moshi wa ekzosi, na nyingine huenda na upoaji. Hita ya gari, ya upepo au ya maji, huokota sehemu ndogo ya kile ambacho kingetupwa nje. Haiongezi matumizi ya mafuta kwa kiasi utakachokihisi kwenye pampu.

Je, wajua kwamba bomba la tumboni ndilo mwizi mkubwa wa joto? Kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ya Kombi kuna mita 2.4, na upepo wa moto unapaswa kuupita urefu huo wote chini ya sakafu, bomba likipigwa na upepo wa barabara kwa nje, na maji pia siku ya mvua. Kiwandani bomba lilifungwa kizuia joto. Miaka ikipita, kizuia joto huoza, hunyonya maji na kuanguka. Kulivisha bomba upya ni kazi chafu ya kulala chini ya gari, lakini ndiyo marekebisho yenye faida kubwa kuliko yote niyajuayo, na hayana hatari yoyote kwa injini. Tumia kitu kisichonyonya maji, ukifunge kwa nje kisipigwe na kokoto, na usikiachie kigusane na ekzosi.

Baada ya hapo, nenda kwenye kebo. Kebo za vilango hupita kwenye vijibomba ambavyo midomo yake imeelekea matope. Zikishika kutu, dereva huvuta mkono wa hita na kuhisi umekwenda, kumbe kebo imejipinda tu na kilango hakikusogea. Mwenzako avute mkono wa hita nawe uwe chini ukiangalia. Kilango kikikwama kimefungwa, mtu wa Molo au Limuru atatetemeka mwezi wa Julai. Kikikwama wazi, mtu wa Mombasa atapulizwa upepo wa moto miguuni mwezi wa Februari na kuamini kwamba gari ndivyo lilivyoumbwa.

Je, wajua kosa linaloua injini nyingi za Kombi katika nchi za joto? Mtu haitaki hita, anang'oa ile mipira miwili inayotoka kwenye feni, na anaacha midomo yake wazi. Upepo hufuata njia nyepesi kama maji yanavyofuata mfereji, kwa hiyo unatokea hapo badala ya kwenda kwenye silinda. Injini inapata joto, oili inakuwa nyepesi, na hakuna geji ya joto la maji ya kukuonya. Ukiondoa hita, ziba midomo hiyo kwa vifuniko imara. Kipande cha bati na klipu vinatosha.

Je, wajua kwamba wapo wanaoongeza feni ya boti kwenye Kombi? Ni feni ndogo ya volti 12 iliyotengenezwa kutoa mvuke wa petroli kwenye matumbo ya boti, nayo hukaa vizuri kwenye mpira wa hita. Inasaidia hasa gari likiwa limesimama huku injini inanguruma, kwa sababu husukuma upepo wakati feni kuu imepungua. Kombi za miaka ya 1970 zenye injini kubwa iitwayo Type 4 zilipewa feni ya umeme ya namna hii tangu kiwandani, kwa hiyo wazo lenyewe si la uhuni. Lakini mahali pa kuifunga ni jambo la uhai. Iweke kabla ya sanduku la joto, ili isukume hewa safi kuingia ndani yake. Ukiiweka baada ya sanduku, inanyonya, na sanduku lenye tundu litanyonywa pamoja na moshi wake moja kwa moja hadi miguuni kwa watoto. Isitoshe, plastiki iliyowekwa upande wa moto huyeyuka.

Waya wake upite kwenye rilei na fyuzi yake mwenyewe, karibu na betri. Swichi za dashibodi za zamani hazikuundwa kubeba umeme wa mota ya ziada. Na fyuzi ikikatika, usiweke kubwa zaidi. Tafuta sababu, kwa maana fyuzi imewekwa kuulinda waya, na waya ule unapita chini ya zulia na mbao.

Je, wajua kwamba kulala ndani ya Kombi kuliibua tatizo ambalo ekzosi isingeweza kulitatua? Kampuni ya Westfalia ilianza kuuza samani za kambi za Kombi mwaka 1951: kitanda, kabati, meza. Watu wakalala milimani Ulaya. Injini ikizimwa, joto hukatika, na kuiacha ikinguruma usiku kucha karibu na vichwa vya waliolala ni kujitafutia kifo. Jibu la kiwandani lilikuwa hita inayochoma petroli yake yenyewe. Nyingi zilitengenezwa na Eberspächer, kampuni ya Esslingen iliyoanzishwa mwaka 1865, na kwa soko la Marekani kulikuwa pia na South Wind ya Stewart-Warner.

Hita hizo zina njia mbili za hewa zisizokutana. Ya kwanza hunyonya hewa ya nje, huichanganya na mafuta, huwasha, na moshi wake hutoka kwa bomba lake. Ya pili huvuta hewa ya ndani, huipitisha juu ya chuma kilichopata moto, na kuirudisha. Ukiukumbuka mpango huo wa njia mbili, unaweza kuihukumu hita yoyote ya gari unayouziwa. Muuzaji akishindwa kukuonyesha moshi unatokea wapi, usinunue.

Je, wajua kwamba hata chuma kinachotenganisha njia hizo mbili kina umri wake? Kwa hita za hewa za aina hii, kanuni za Ujerumani zinataka kipande hicho kibadilishwe baada ya miaka 10 ya matumizi. Sasa fikiria hita ya petroli iliyofungwa mwaka 1975, haijafunguliwa tangu hapo, na mmiliki mpya anataka kuijaribu usiku wa kwanza kambini. Ninawasihi wanaonunua magari haya: hita ya petroli ya zamani ifunguliwe na mtu anayeijua, au iondolewe. Yapo mambo ya zamani yanayopendeza yakibaki kama yalivyokuwa, lakini hili si mojawapo.

Je, wajua kwamba lita moja ya dizeli ina nguvu ya kilowati-saa 10 hivi? Ndiyo maana hita ndogo ya dizeli ya kilowati 2, ambayo leo imechukua nafasi ya zile za petroli, hutumia robo lita tu kwa saa ikiwaka kwa nguvu zote, na kama lita 0.1 ikiwa chini. Usiku mzima haumalizi lita mbili. Umeme wake ni mdogo pia ikishawaka, wati 30 hivi au pungufu. Mzigo mkubwa ni wa dakika chache za mwanzo, pale hita plagi inapopata moto, kwa hiyo betri iliyochoka huifanya hita ijaribu kuwaka, ishindwe, ijaribu tena, na kumalizia hata kile kidogo kilichobaki.

Ukizima hita hiyo, feni yake huendelea kupuliza kwa dakika kadhaa. Inapoza chumba cha moto. Kukata umeme wa betri wakati huo ni kuiharibu kwa mikono yako.

Je, wajua kwamba hita ya dizeli huchukia kuwaka kidogo kidogo? Ikiendeshwa chini kwa muda mrefu hujaza masizi. Watu wenye uzoefu huiwasha kwa nguvu zote kwa muda kabla ya kuizima ili ijisafishe. Mwinuko nao una neno lake. Kwenye mita 2,500 shinikizo la hewa ni kama robo tatu ya lile la pwani, lakini pampu ya mafuta huendelea kutoa tone lile lile isipoambiwa. Mafuta huzidi hewa, moto unakuwa mweusi. Hita nyingi za Ulaya hazihitaji marekebisho hadi mita 1,500 hivi, na juu ya hapo kwa kukaa muda mrefu hutakiwa kifaa cha kupunguza mafuta. Nairobi tayari imeupita mstari huo. Na uwanda wa Kitulo, Makete, ambako barafu hulala juu ya majani asubuhi za Juni na Julai, umeuacha mbali.

Gesi ya mtungi nayo ina tabia yake wakati wa baridi. Butani huacha kugeuka mvuke ikikaribia nyuzi sifuri, wakati propani huendelea hadi nyuzi 42 chini ya sifuri. Mtungi wa butani unaopikia vizuri kiangazi utanyamaza kabisa asubuhi ya Januari huko Bavaria ukiwa bado mzito.

Je, wajua kwamba kilo moja ya propani ikiungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji? Anayewasha jiko la gesi la kupikia ili kupasha joto gari anamwaga maji hayo yote kwenye hewa anayoivuta. Hewa ya nyuzi 20 hubeba gramu 17 hivi za mvuke kwa kila mita ya ujazo, na ya nyuzi sifuri hubeba kama gramu 5. Ikigusa kioo baridi, kilichozidi hudondoka. Vioo vinatoka jasho, godoro linalowana kwa chini, na kutu inaanza kula bodi kutoka ndani. Hita yenye bomba la moshi la nje haifanyi hivyo, maana maji yake hutoka na moshi.

Jiko la mkaa halina nafasi yoyote ndani ya gari, hata dirisha likiachwa wazi kidogo, hata mkaa ukiwa umeshika vizuri na hautoi moshi. Mkaa usiotoa moshi bado unatoa kaboni monoksaidi, na kwa wingi.

Je, wajua kwamba vipo vikengele vya kugundua gesi hiyo vilivyoundwa mahsusi kwa magari ya kulala na boti? Kiwango cha Ulaya ni EN 50291-2, na namba ya pili ndiyo ya kuangalia, kwa kuwa ndiyo inayohusu vifaa vinavyovumilia mitikisiko ya safari. Kwenye sehemu 300 kwa milioni, kengele inatakiwa ilie ndani ya dakika tatu. Kwenye sehemu 50 inapewa muda mrefu, kati ya saa moja na saa moja na nusu. Ifungwe mahali ambapo aliyelala ataisikia, si ndani ya kabati.

Je, wajua kwamba chuma cha bodi hupitisha joto zaidi ya mara 1,000 kuliko sponji nzuri ya kuzuia joto? Kabla ya kutafuta hita kubwa, funika madirisha usiku. Kombi ina vioo vingi vya tabaka moja. Pazia nene lenye karatasi ya kung'aa, lililokatwa likabane kioo pande zote, hubadilisha usiku kuliko kilowati ya ziada.

Volkswagen yenyewe ilihamia kwenye maji mwishoni. Kizazi cha tatu, T3, kilianza mwaka 1979 na injini za upepo, kisha toka mwaka 1982 na 1983 injini za petroli nazo zikapewa maji. Brazil ilishikilia injini ya upepo kwenye Kombi yake hadi mwaka 2005, na Kombi ya mwisho ikatoka huko Desemba 2013. T3 ya maji ina injini nyuma, rejeta mbele, na lita 17 hivi za maji zinazosafiri kati yake. Mfumo mrefu hivyo huficha hewa kwa urahisi. Ukimwaga maji na kujaza upya bila kuitoa hewa, mbele ikiwa imeinuliwa na skrubu ya juu ya rejeta ikiwa imelegezwa, hita itapuliza baridi na injini itachemka.

Je, wajua jinsi ya kuipima hita ya maji kwa mkono? Injini ikiwa ya moto, gusa kwa uangalifu mipira miwili inayoingia na kutoka kwenye hita. Yote ya moto lakini upepo ni baridi: shida iko kwenye vilango vya ndani au feni. Mmoja wa moto na mwingine baridi: hita imeziba au ina hewa. Yote baridi: koki imefungwa, maji yamepungua, au themostati imekwama wazi. Kioo cha mbele kikipata utando wa mafuta wenye harufu tamu, hita inavuja, na dawa inayochanganywa na maji ya rejeta ni sumu. Usiendelee kuivuta.

Feni inayofanya kazi kwenye kasi ya juu tu karibu siku zote ina kizuizi cha umeme kilichoungua, kwa sababu kasi ya juu ndiyo pekee isiyopita hapo. Kwenye T3, kufikia sanduku la hita maana yake ni kung'oa dashibodi, kwa hiyo ukishaifungua badilisha pia sponji za vilango, ambazo kwa umri huu zimekuwa unga.

Kwenye milima mirefu kama Kitonga, madereva wa magari ya maji hufungua hita hadi mwisho wanapoona geji inapanda. Wako sahihi: hita ni rejeta ndogo ya pili. Kwenye Kombi ya upepo hila hiyo haina kazi, kwa kuwa hakuna maji ya kupoza. Punguza gia na uipe feni mzunguko.

Je, wajua kwamba T3 nyingi za kambi zina hita ya pili, chini ya kiti cha nyuma? Ina koki yake kwenye hita yenyewe, na mtu aliyenunua gari bila kitabu anaweza kulimiliki miaka mingi akiamini hita hiyo imekufa, kumbe koki imefungwa. Igeuze polepole. Ni ya plastiki, na plastiki ya umri huo ikivunjika humwaga maji yote ya gari. Walioamua kutoihitaji huiondoa na kuunganisha mipira miwili kwa kiungo cha chuma chenye umbo la U, wakafunga klipu mpya, wakajaza maji, na kutoa hewa upya kutoka mbele.